Mtoto wa Mkulima na Mtoto wa Mwalimu



Watoto wawili wamezaliwa mwaka mmoja, kijiji kimoja. Baba wa mmoja ni mwalimu. Wa mwingine analima kwa jembe la mkono. Miaka thelathini baadaye mmoja ni muuguzi, mwingine kibarua. Mara nyingi tunasema, "Ni mapenzi ya Mungu." Je, ndivyo?

Mwaka 1967 wanasosholojia Peter Blau na Otis Dudley Duncan walichapisha utafiti juu ya wanaume wapatao 20,000 wa Marekani. Waliona kuwa hali ya baba humfikia mtoto kazini hasa kwa kupitia elimu: mzazi mwenye uwezo humsomesha mtoto zaidi, na elimu humpatia kazi. Kwa hiyo elimu inaweza kumwinua mtoto wa maskini, lakini mlango wa elimu haufunguki sawasawa kwa wote.

Hapa Tanzania ada ya shule ya msingi ilifutwa mwaka 2001, ya kidato cha kwanza hadi cha nne mwaka 2016, na ya kidato cha tano na sita mwaka 2022. Hizi ni hatua kubwa. Hata hivyo, mtoto wa mkulima bado anahitaji sare, madaftari na chakula cha mchana. Huchota maji kabla ya kwenda shule, na usiku hana taa. Sekondari anakutana na masomo kwa Kiingereza, lugha asiyoisikia nyumbani. Akimaliza, hana ndugu wa kumweleza nafasi za kazi zinatangazwa wapi.

Binti hubeba mzigo zaidi. Fedha zikipungua, mara nyingi yeye ndiye hubakishwa nyumbani. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wanafunzi waliojifungua kurudi shuleni. Je, sisi wazazi tunawaruhusu?

Tufanye nini?

(a) Mzazi, hata kama hukusoma, kagua daftari la mtoto na umpunguzie kazi za jioni, binti sawa na kaka yake.

(b) Vikundi vya kuweka na kukopa vitenge mfuko wa elimu baada ya mavuno, kabla Januari haijafika.

(c) Wenye ajira parokiani wawaelekeze vijana, wakiwemo wanaokwenda VETA. Ufundi si kazi ya walioshindwa.

Katika Mathayo 25, mtumishi aliyefukia talanta yake ardhini alilaumiwa na bwana wake. Tusizifukie talanta za watoto wetu.