Farasi Wawili Waliobaki Mombasa

Hakuna fundi wa pikipiki kati ya Kangemi na Kinoo ambaye hajaulizwa: nifanyeje Boxer yangu ivute? Anayeuliza kwa kawaida amebeba abiria wawili, ingawa sheria inamruhusu mmoja tu, na kabla hajaumaliza mlima wa kutoka Uthiru ameshashuka gia mbili.

Jibu linaanzia angani. Uthiru iko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kwa urefu huo hewa ni nyepesi. Kila pistoni inaposhuka, silinda huvuta hewa pungufu kwa karibu moja ya sita kuliko ambayo ingevuta Mombasa. Petroli haiwaki pasipo hewa, kwa hiyo Boxer inayoitwa ya CC 150, ambayo kiwanda huipa nguvu za farasi zipatazo 12, huku juu hubaki na kama 10. Pikipiki ya umeme haina shida hii, maana haipumui.

Kabureta nayo huongeza hasara. Hewa imepungua, lakini tundu la jeti ni lile lile, hivyo petroli inayopita ni nyingi mno kwa hewa iliyopo. Fungua plagi uitazame ncha yake. Ikiwa nyeusi, yenye masizi makavu yanayobaki kwenye kidole, injini inashiba petroli kupita kiasi. Plagi ya injini inayochoma vizuri huwa na rangi ya chai ya maziwa. Dawa ni jeti kuu yenye namba ndogo zaidi, ukishuka hatua moja kila mara. Panda mlima kwa mafuta yote, kisha kamata klachi, zima injini papo hapo, simama nje ya barabara na uitazame plagi tena. Ikianza kuwa nyeupe umepitiliza: mchanganyiko wenye petroli kidogo hupandisha joto, na joto hilo linaweza kutoboa pistoni. Jeti ya zamani usiitupe. Ukishuka pwani kwa pikipiki hiyo bila kuirudisha, hewa nzito ya huko itakuletea hatari hiyo hiyo.

Hatua ya pili si ya injini kabisa. Ukitoa sproketi ya mbele yenye meno 15 ukafunga ya 14, nguvu ya kuvuta kwenye gurudumu huongezeka kwa asilimia 7 hivi, na kasi ya juu hupungua kwa kiasi kama hicho. Kwa mtu ambaye kazi yake ni Uthiru, Kinoo na Kikuyu, hiyo ni biashara nzuri. Kwa anayeshinda Waiyaki Way akielekea mjini, hapana. Injini itapiga kelele bure.

Wengi hukimbilia kupanua silinda. Tupige hesabu. Silinda ya Boxer hiyo ina kipenyo cha milimita 56. Ukiipanua milimita nzima na kuweka pistoni kubwa, CC hupanda kutoka 144.8 hadi 150, yaani asilimia 3.6. Kazi hiyo ina maana kama silinda imelika na ringi zinavujisha. Silinda nzima kuipeleka kwa fundi wa mashine ili upate CC tano ni kuchezea chuma.

Kukwangua kichwa cha injini ili mgandamizo upande kuna mantiki zaidi huku kwetu, kwa kuwa hewa nyepesi huacha nafasi kabla injini haijaanza kugonga. Hata hivyo faida ni asilimia chache, na fundi asiyepima nafasi kati ya vali na pistoni atakurudishia vali zilizopinda.

Kuhusu kutoboa ekzosi, sina mengi. Inatoa kelele, nguvu utaisikia masikioni tu.

Kinachonikera kweli ni kutoa filta ya hewa ati injini ipumue. Vumbi jekundu la Kabete likiingia silindani husaga ringi na ukuta wa silinda, na mgandamizo huondoka kidogo kidogo mpaka pikipiki inatoa moshi wa buluu. Filta chafu ibadilishe. Fundi akikushauri uiondoe kabisa, tafuta fundi mwingine.