Mpapai Dume na Ujira wa Nondo

Katika mashamba mengi ya Afrika Mashariki, mpapai dume haukawii kukatwa ukishajulikana. Miche hupandwa mitatu au minne katika shimo moja, husubiriwa ichanue, na mara vishada virefu vya maua membamba vinapoanza kuning'inia, mti unang'olewa. Wapo wanaoupigilia kwanza msumari shinani wakitumaini utageuka jike. Na kwa kuwa baadhi ya mipapai dume kweli huzaa matunda machache hali ya hewa inapobadilika, msumari umejipatia sifa usiyostahili. Hesabu ya kukata inaonekana haina dosari, kwani nani atamwagilia maji mti usiompa tunda? Lakini hesabu hiyo imemsahau mhusika mmoja, ambaye mara nyingi ndiye anayeamua kama mpapai jike utazaa au maua yake yatapukutika.

Mhusika huyo ni nondo. Si wale wadogo wanaozunguka taa, bali wa jamii ya Sphingidae: wana miili minene, mabawa membamba na ulimi mrefu unaojikunja, huruka kwa kasi machweo na kuelea hewani mbele ya ua pasipo kutua. Ua la mpapai dume linaulaki ulimi wa namna hiyo vizuri kabisa, kwa kuwa ni mrija mwembamba wenye rangi ya maziwa, hunukia jioni, na ndani yake mna nekta. Ua la jike ni jambo jingine. Ni kubwa, petali zake zimeachana karibu hadi chini, halina mrija wala nekta. Nondo akilitembelea haambulii kitu. Mwaka 1976 mwanabotania Herbert Baker alilieleza jambo hili kuwa ni uchavushaji unaotokana na makosa: nondo aliyezoea kulipwa na madume hulijia ua la jike kwa kudanganyika, pengine kwa sababu stigma yake iliyotanda juu hufanana na petali za ua dume katika mwanga hafifu. Kosa hilo la sekunde chache linatosha kuiacha chavua mahali pake.

Hapo ndipo elimu ya mageuko ya viumbe inapomgusa mkulima moja kwa moja. Udanganyifu wa aina hii hudumu pale tu ambapo malipo ya kweli ni mengi. Nondo hujifunza, majaribio ya maabara yameonyesha kwamba wadudu wa jamii hii hukumbuka harufu ya maua yaliyowalisha. Akikutana na maua matupu mfululizo hana sababu ya kubaki shambani. Kwa hiyo anayekata madume yote haondoi chavua peke yake, anaondoa pia ujira unaomleta mbebaji wa chavua. Mtu anaweza kusema kwamba, kwa mantiki hii, nusu ya shamba ingelazimika kuwa madume. La hasha. Dume moja hutoa maua mengi mno kuliko jike, hivyo hata miti michache yaweza kumlipa nondo mara nyingi kuliko anavyodanganywa, na ndiyo maana ushauri uliozoeleka wa kuacha dume moja kwa majike kumi hadi ishirini una mashiko.

Ushahidi wa hapa kwetu upo. Mwaka 2009 Mkenya Dino Martins, mtaalamu wa wadudu, pamoja na Steven Johnson wa Afrika Kusini, walichapisha utafiti kuhusu mipapai ya wakulima nchini Kenya. Walikuta kwamba wachavushaji wake wakuu ni nondo hao, na kwamba umbali wa shamba kutoka kwenye uoto wa asili, pamoja na hali ya uoto huo, huathiri kazi yao. Nalipa uzito mkubwa jambo hili, kwa sababu mpapai ni mgeni. Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Ulivuka bahari bila nondo wake, ukahudumiwa na nondo wa Afrika ambao ndimi zao zilikuwa zimekwisha kuzoea maua ya pori letu. Msomaji makini atapinga: mashamba yaliyo karibu na pori huenda yana udongo bora au unyevu zaidi. Ni pingamizi la haki, na umbali peke yake usingetosha kuthibitisha. Lakini udongo mzuri hauhamishi chavua kutoka mti hadi mti. Nyuki nao, ambao huchuma chavua kwenye maua dume, hawana cha kufuata kwenye ua la jike.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la mtu mwenye mpapai unaozaa sana ilhali hana dume hata moja. Huenda mti wake una jinsia zote mbili, au chavua inatoka kwa jirani, kwani nondo huruka mbali. Basi anavuna kutokana na dume la mwingine, na kijiji kizima kikifikiri kama yeye, chavua itatoka wapi? Na wale wanaonunua mbegu za kisasa za mipapai yenye jinsia mbili, inayojichavusha, wana hoja nzuri, hasa wanaolenga soko. Hata hivyo joto kali huweza kuyafanya maua ya miti hiyo yasizae, na mbegu zake zikipandwa tena, takriban theluthi moja ya miche hutokea kuwa majike. Majike hayo bado yanahitaji chavua kutoka nje.

Linabaki suala gumu kuliko yote, la viwavi. Agrius convolvuli, mmoja wa nondo wakubwa wanaopatikana kote Afrika Mashariki, hukulia kwenye majani ya viazi vitamu, na mkulima anayeviona viwavi vyake vikitafuna matembele hawezi kulaumiwa akikasirika. Ila kwa kawaida mmea wa viazi huchipua tena haraka, na viwavi vichache havistahili dawa. Saa ya kunyunyizia nayo inahitaji kufikiriwa upya. Wakulima hushauriwa kupiga dawa jioni ili kuwanusuru nyuki, ushauri mwema kwa mazao mengi, lakini kwenye mipapai jioni ndiyo saa ya nondo. Palipo na mipapai iliyochanua, dawa isiyoepukika ielekezwe mbali na maua, na vichaka vya mpakani, ambako nondo hula na kutaga mayai, visiguswe kabisa.