Smuts, wakili aliyeshusha jeshi Upareni

Reli ya kutoka Tanga, iliyofika Moshi mwaka 1911, inaambaa chini ya Milima ya Pare na kupita Same. Novemba 1914, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, aliitumia kuwashusha askari wake kwa treni hadi Tanga, akawatimua Waingereza waliotua kwa meli. Aliyetumwa baadaye kumnyang'anya reli hiyo alikuwa Jan Smuts, wakili.

Smuts alizaliwa mwaka 1870 Riebeek West, Afrika Kusini, mtoto wa Kaburu mkulima, akasomea sheria Cambridge. Katika vita vya 1899 hadi 1902 alipigana na Waingereza hao hao, akiongoza wapanda farasi wa Kikaburu. Februari 1916 akatua Mombasa akiwa jenerali wa mfalme wa Uingereza. Siasa ina vituko vyake.

Machi alitwaa Moshi na Kahe, kisha masika yakamfunga. Mei akaanza kushuka Upareni, na mbinu yake ilikuwa kumzunguka adui badala ya kumkabili uso kwa uso. Kikosi kimoja kilifuata reli, kingine Mto Pangani. Cha tatu, cha King's African Rifles, kilitokea Mbuyuni, upande wa Kenya, kikapenya pengo la Ngulu kati ya Pare ya Kaskazini na Pare ya Kusini. Walipofika Same, watu wa Jenerali Hannyngton, waliokuwa wakifuata reli, waliiacha, wakavuka kwenda Gonja ili wamtokee Mjerumani kwa nyuma. Lettow hakungoja. Alirudi nyuma akivunja madaraja na kung'oa reli, na katika siku kumi hivi jeshi la Smuts likawa Buiko, mwendo wa takriban kilomita 200.

Kwenye ramani ulikuwa ushindi mtupu. Ila chakula kiliachwa nyuma, ndorobo wakaua farasi, malaria ikalaza watu. Kikosi cha Tisa cha Afrika Kusini kilikuwa na watu 1,135 mwezi Februari; kufikia Oktoba wazima walibaki 116. Wapagazi ndio walioumia zaidi: upande wa Waingereza pekee walikufa takriban 95,000 katika vita vyote, wengi kwa maradhi na njaa.

Januari 1917 Smuts aliondoka kwenda London, ambako vita hivyo vilisemwa kuwa karibu vimekwisha. Lettow aliendelea kupigana hadi Novemba 25, 1918, alipoweka silaha chini Abercorn, leo Mbala, Zambia. Smuts alitwaa vituo vya reli. Jeshi alilotumwa kulimaliza lilimponyoka.

Hata hivyo alipanda vyeo. Alikuwa waziri mkuu wa Afrika Kusini mara mbili, na mwaka 1945 alishiriki kuandika utangulizi wa Mkataba wa Umoja wa Mataifa unaotaja haki za binadamu, huku kwao akiunga mkono utengano wa rangi. Alifariki mwaka 1950, na sanamu yake iko karibu na Bunge la Uingereza. Kwa askari na wapagazi wa Kiafrika iko Sanamu ya Askari, Dar es Salaam, iliyowekwa mwaka 1927. Ukipita pale, simama usome maandishi ya Kiswahili chini yake. Wapagazi nao wametajwa.