Chama Yenu Inataka Kununua Ng'ombe? Pigeni Hizi Hesabu Kwanza

Kama unaishi Kihoto, hapa Naivasha, hii stori umeshaisikia. Ziwa lilifura 2020, likarudi tena kwa milango ya watu mwishoni mwa 2025. Wasee waliokuwa wameweka akiba yote kwa ploti wakabaki kuangalia mabati juu ya maji. Sasa kila chama iko na mtu anasema: "Tununue ng'ombe. Nyumba haihami, lakini ng'ombe unamswaga tu."

Hajakosea. Lakini ng'ombe pia ako na mafuriko yake, na ukiingia bila rada utalia.

Bei hupanda na kushuka na mvua

Kiangazi kikibamba, nyasi inaisha na kila mfugaji anakimbia sokoni siku moja. Ng'ombe ni wengi, wamekonda, na wanunuzi wanajua huna pa kwenda. Bei inaanguka. Mvua ikinyesha, wale waliobaki wanafichwa wanone na kuzaa, na kila mtu anataka kununua. Bei inaruka.

Shida ni kwamba ng'ombe hatengenezwi kama mandazi. Anabeba mimba miezi 9, na ndama jike anaweza kuchukua karibu miaka 3 kabla azae. Kwa hivyo bei ikipanda leo, mifugo ya kuishusha itakuja baadaye sana, na mara nyingi inafika sokoni pamoja. Chama nyingi huingia pale juu kabisa, kwa sababu ndio wakati jirani anajigamba ameomoka.

Unakumbuka ule ukame wa 2020 hadi 2022? Misimu 5 ya mvua ilifeli mfululizo, na Kenya ikapoteza zaidi ya mifugo milioni 2. Serikali ikatuma KMC inunue ng'ombe waliodhoofika ili wafugaji wapate angalau kitu.

Hesabu ya ng'ombe mmoja

Tuseme umenunua dume la kunonesha kwa 45,000. Usafiri na dawa ni 3,000. Nusu beli ya nyasi kila siku kwa siku 90 ni beli 45. Kwa 300 kila moja, hiyo ni 13,500. Mchungaji, 4,500. Jumla ni 66,000. Ukiuza 70,000, umebaki na ngiri 4.

Sasa soko lifungwe siku 30 kwa karantini. Dume haliachi kula: beli 15 ni 4,500, mchungaji 1,500. Hapo umetoka kwa faida ya ngiri 4 hadi hasara ya ngiri 2, na ng'ombe hajaugua hata siku moja.

Mbu wa ziwani

Karantini si hadithi za watu wa mbali. Ile homa ya Bonde la Ufa iligunduliwa hapa hapa, kwa shamba karibu na Ziwa Naivasha, miaka ya 1930 na 1931. Mayai ya mbu wanaoibeba hukaa mchangani miaka hata mingi, yakingoja mafuriko yaanguliwe. Ndio maana milipuko mikubwa ya 1997-98 na 2006-07 ilikuja baada ya mvua kubwa. Ng'ombe wanatoa mimba, ndama wanakufa, masoko yanafungwa. Ile ya 2006-07 iliua zaidi ya watu 150 Kenya. Damu ya mnyama mgonjwa inaambukiza, kwa hivyo usimchinje "ili nyama isipotee".

Umeona hiyo? Kiangazi kinaua bei, na mvua ikizidi inaleta ugonjwa. Yule anayekwambia ng'ombe ni faida tupu anakuuzia kitu.

Kabla mtoe doh

Moja, nyasi iko wapi? Beli hununuliwa wakati zimejaa mashambani, si Februari kila mtu akitafuta.

Mbili, chanjo imepangwa? Hupigwa kabla ya mlipuko. Ukishaanza, umechelewa, na sindano ikirudiwa kwa wanyama wengi inaweza hata kusambaza virusi. Ongeeni na daktari wa mifugo mapema.

Tatu, bima iko? Kampuni hutaka daktari amkague ng'ombe, amthamini, na awekwe hereni ya sikio. Na bima ya kifo haikulipi bei ikianguka.

Nne, nani anawaona hao ng'ombe? Kama mnatumiwa picha tu za WhatsApp, hamna ng'ombe, mna picha. Tumeni watu wawili wahesabu kila mwezi.

La mwisho, msiweke karo ama rent kwa ng'ombe. Pesa inayotakikana Januari itawalazimisha kuuza Januari, watu wakiwa wamesota baada ya Krismasi, na broka ataisoma hiyo shida kwa uso wenu. Anayepata faida kwa hii biashara ni yule anayeweza kungoja mwezi mwingine.