Kadi ya Mrushaji katika Besiboli ya Mezani

Katika besiboli, mchezo unaopendwa mno Marekani, mpira hutoka mkononi mwa mrushaji kumwendea mpigaji aliyeshika gongo. Kwa hiyo atakaye kuuiga mchezo huo juu ya meza, kwa dadu na kadi zinazoiga wachezaji halisi, hana budi kwanza kukata shauri ni kiasi gani cha matokeo kihesabiwe kuwa kazi ya mrushaji. Mchezo wa APBA, uliotoka mwaka 1951, uliwapanga warushaji kwa madaraja ya herufi, A ikiwa ya juu. Hal Richman wa New York, aliyeutoa mchezo wake wa Strat-O-Matic mwaka 1961, alihukumu kwa insafu zaidi: hutupwa dadu tatu, moja yao nyeupe, na hiyo nyeupe ikionyesha 1, 2 au 3, jawabu husomwa katika kadi ya mpigaji, ikionyesha 4, 5 au 6, katika kadi ya mrushaji, kisha jumla ya zile mbili nyingine huonyesha mstari.

Nusu kwa nusu, basi. Lakini nusu hiyo ina hesabu yake. Mwaka 1968 wapigaji waliomkabili Bob Gibson, mrushaji wa timu ya St. Louis Cardinals, walipata mapigo salama 184 tu kwa kila majaribio 1000, ilhali wastani wa ligi yake ulikuwa 243. Lau kadi yake ingeandikwa 184 ile ile, basi, kwa kuwa nusu ya matupo huangukia kadi za wapigaji, Gibson wa mezani angetoka na 213 hivi, naye asingekuwa Gibson tena. Ili apate haki yake, yapasa kadi iteremshwe hadi karibu na 125, maana 125 na 243 zikichanganywa sawasawa hurejesha 184.

Ndiyo sababu naiona kadi ya mrushaji hodari kuwa na thamani kuliko ya mpigaji yeyote: mpigaji huja kwa zamu, mmoja katika tisa, bali mrushaji huwakabili wote maadamu yumo uwanjani. Nasema maadamu, kwa kuwa kadi hiyo hubeba pia tarakimu ya ustahimilivu, na mrushaji akishachoka, baadhi ya matokeo yaliyokuwa yakimtoa mpigaji hugeuka mapigo salama, na hapo mwenye timu hulazimika kuchagua baina ya bingwa aliyeishiwa nguvu na msaidizi mwenye kadi dhaifu.