Gari la kulala, baiskeli za umeme na goti la dada

JUMAMOSI, saa moja usiku, stima zilipotea.

Tulikuwa tumeegesha kando ya Ziwa Naivasha, katika kambi tuliyolipia nafasi yenye soketi. Baiskeli zetu mbili za umeme zilikuwa hoi baada ya kutembezwa mchana kutwa, na alfajiri tulipanga kuingia nazo Hell's Gate.

Cha ajabu, kilomita chache kutoka tulipoketi gizani ndipo ulipo mvuke wa Olkaria, ambao umekuwa ukizalisha umeme tangu 1981.

“Basi mimi nitawasubiri kwa gari,” dada yangu akasema. Alisema kwa upole, lakini nilijua amevunjika moyo.

Safari yote ilikuwa yake. Miaka miwili iliyopita aliumia goti katika ajali ya bodaboda. Kutembea anatembea, ila mlima mdogo tu humfanya ashike ukuta. Yeye ndiye aliyenifunza kuendesha baiskeli nikiwa mdogo, na tangu ajali hiyo hakuwa amegusa pedali.

Gari lenyewe msilipigie picha kubwa. Ni matatu ya zamani ya mjomba, ya abiria 14. Tuling'oa viti vya nyuma, tukaweka godoro, meko ya gesi, mitungi ya maji na betri ya pili ya kuwasha taa. Ulaya magari ya kulala huja na jiko na choo ndani. Letu lina beseni na jembe!

Hata hivyo, raha ni ileile: unalala unakotaka kuamkia. Gari linakufikisha mbali, kisha baiskeli inakuingiza pale ambapo kutoka dirishani ungepaona kwa sekunde mbili tu.

Nayo baiskeli ya umeme si pikipiki. Zetu zina mota inayosaidia pale tu unapokanyaga pedali. Goti bovu linafanya kazi kidogo, mota inamalizia. Betri ikiisha, unabaki na chuma cha kilo 25 na jasho lako.

Rafiki yetu ambaye ni fundi wa umeme alichukua tochi, akaanza hesabu. Betri ya kila baiskeli ni ya volti 36 na ampea-saa 10, yaani wati-saa 360. Mbili ni 720. Betri ya gari ni ya volti 12 na ampea-saa 100, hivyo ni wati-saa 1,200. Lakini betri ya aina hiyo ukiinyonya kupita nusu unaiua. Toa kinachopotea kwenye inveta, tunabaki na kama 500.

“Moja itajaa. Nyingine haitafika nusu,” akatangaza. “Na hakuna mtu kuchaji simu!”

Tulizima spika na taa, tukalala mapema. Nje, viboko walikuwa wametoka ziwani kula nyasi, ng'ambo ya ua.

Asubuhi hatukujadiliana nani apewe betri iliyojaa. Fundi alibaki kulinda gari, nasi tukapita lango la Elsa.

Hell's Gate, iliyotengwa kuwa mbuga ya kitaifa mwaka wa 1984, ni mojawapo ya mbuga chache nchini ambako unaruhusiwa kuzunguka kwa baiskeli miongoni mwa wanyama. Dada alianza akiyumbayumba, mikono imekaza. Tulipopita ule mwamba mrefu unaoitwa Fischer's Tower, alikuwa ameanza kuimba. Pundamilia waliinua vichwa, wakatutazama, wakaendelea kula.

“Wee, hii kitu inanisukuma!” akapiga kelele. Nilimwacha atangulie ili asione macho yangu.

Baada ya kilomita nane hivi tulifika karibu na korongo. Mawingu yalikuwa yakijikusanya, kwa hivyo hatukushuka. Mwaka wa 2012, na tena 2019, mafuriko ya ghafla yaliua wageni humo. Mvua inaweza kunyesha mbali, maji yakakufikia ukiwa kwenye jua. Usibishane na askari wa mbuga akisema hapana.

Kurudi ndiko kulikokuwa na kazi. Zikiwa zimesalia kilomita nne hivi, mota yangu ilikata. Upepo ulikuwa usoni, vumbi mdomoni, na ile baiskeli ikawa kama nimefungiwa gunia la viazi. Dada akanipita akipiga kengele.

“Pole, kijana! Si nilikufunza kukanyaga?”

Kama wewe na mbogi yako mnawazia safari kama hii, anzeni na hesabu ya stima kabla ya hesabu ya nyama. Usiamini soketi ya kambi pekee. Jazeni betri zote nyumbani na mzitunze hadi siku mnayozihitaji. Toeni betri kabla ya kuinua baiskeli garini, na mkizifunga nyuma, zisifiche nambari ya gari. Mkiteremka bonde kwa gari lililobeba mizigo, tumieni gia ndogo badala ya kuchoma breki. Helmeti ni lazima. Nyati mkimwona, mpeni nafasi, mpige picha kutoka mbali.

Na betri isipotosha, mpeni anayeihitaji zaidi.

Nilipofika langoni miguu ikitetemeka, dada alikuwa ameketi kwenye mlango wa matatu, goti limenyooshwa, kikombe cha chai mkononi. Stima zilikuwa zimerudi kambini, fundi akatuambia.

“Basi twende tuchaji,” dada akajibu. “Jioni nataka kuzunguka tena.”