Nambari ya picha ya chapa isikuhadae

MNUNUZI anapoona 37/250 imeandikwa kwa penseli chini ya picha ya miraba na miduara, aghalabu huamini amepata hazina. Nambari hiyo humjulisha tu kwamba nakala 250 zilipewa nambari, mbali na chache alizojiwekea msanii, ambazo huandikwa E.A. Wala nakala ya kwanza haiishindi ya mwisho kwa ubora.

Chukua mfano wa Victor Vasarely, aliyezaliwa Pécs, Hungary, mwaka wa 1906 na kufariki Paris mwaka wa 1997. Alitaka sanaa imfikie mtu wa kawaida, si tajiri pekee, hivyo akatoa chapa nyingi mno. Kila toleo lina kikomo, lakini matoleo yenyewe ni tele. Ndiposa saini yake pekee haitoshi kupandisha bei.

Nyingi za chapa hizo zilitengenezwa kwa kusukuma wino kupitia kitambaa kilichowambwa kwenye fremu, rangi moja baada ya nyingine. Zitazame kwa kioo cha kukuzia: rangi hutanda sawasawa. Ukiona vitone vidogo vilivyojipanga, huenda unauziwa bango lililopigwa chapa kwa mashine, hata likiwa na saini.

Jua nalo hufifisha rangi, na sanaa hii haina kingine cha kujivunia ila rangi na maumbo. Kingo zilizopunguzwa ili picha itoshee fremu pia hushusha thamani. Kwa hivyo, itolewe kwenye fremu kabla ya malipo. Muuzaji akikataa, mwachie picha yake.